Picha Iliyoganda Kiooni

Kipande kilichong'oka kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa mwaka 2009. Nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani kwa Bibi, Pangani, sina kazi ya kufanya, na mkononi nina wembe mpya, bakuli la maji ya uvuguvugu na uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena tangu siku hiyo.

Picha ilikuwa ya Babu. Aliipiga mwaka 1974 akiwa amesimama juu ya kilima cha Bweni, ng'ambo ya mto, akiuelekea mji: maji, pantoni imeegeshwa, minazi, mapaa ya mabati, na kule kulia kabisa ufuo unapokutana na bahari. Mtu hayumo. Hicho kilikuwa kichekesho cha ukoo mzima. Babu alikuwa karani wa shamba la mkonge, kamera aliuziwa na bwana mmoja aliyekuwa anahama, na filamu yake moja ilitoa picha kumi na mbili tu. "Ndugu zake wamevaa, wamejipaka mafuta, wanangoja kupigwa," Bibi alikuwa akisimulia, "yeye picha moja kaupa mto. Mto ulimwomba?"

Picha hiyo ilikaa sebuleni miaka 35. Aliyeitia fremu aliilaza moja kwa moja kwenye kioo bila chochote cha kuitenga, kama wanavyofanya mafundi fremu wengi mpaka leo. Kama kwenu ipo picha ya namna hiyo, nenda kaitazame kwa ubavu, dirisha likiwa upande wa pili. Utaona mabaka yanayong'aa kama yamelowa. Hapo ndipo ilipoganda. Uso wa picha ya zamani ni gelatini, ndugu wa gundi ya seremala, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Hewa ikijaa unyevu gelatini inavimba, inalainika na kushika kioo. Kiangazi kikija inakaukia hapohapo. Masika yanayofuata inaongeza eneo.

Niliona mabaka yale nikadhani ni ugonjwa, na kwamba mimi ndiye daktari. Nikatoa misumari ya nyuma, nikachovya wembe, nikaanzia kona ya kulia. Karatasi ilikuja kirahisi sana. Nilipoitazama nikaona imekuja nyeupe. Ufuo, na minazi yote iliyokuwa kwenye ule ufuo, ilikuwa imebaki kwenye kioo ikiwa utando uliokunjamana kama ganda la kitunguu, na nilipoigusa ikasagika. Nilirudisha misumari. Bibi aliingia, akaitazama fremu, akanitazama mimi, akasema chai tayari.

Miaka mitano baadaye nilikuwa Düsseldorf, Ujerumani, nalipwa kwa saa ili nigandishe picha kwenye kioo.

Naeleza vizuri. Nilikuwa huko kwa masomo, na kila Jumamosi nilifanya kazi katika karakana ndogo inayotengeneza picha kubwa za ukutani, nyingi zikiwa za mandhari: milima, maziwa, misitu ya vuli, ukungu juu ya maji. Picha haitiwi fremu. Inabandikwa kwa uso wake, kifudifudi, nyuma ya bamba la akriliki lenye unene wa milimita chache, kisha mgongoni inabandikwa bamba jembamba la alumini, na ikishakuwa hivyo ni kitu kimoja, kama sandwichi. Siku ya kwanza nilipoelewa tunachofanya nilicheka peke yangu, na yule mzee mwenye karakana akataka kujua kuna nini. Sikuwa na Kijerumani cha kutosha kumweleza.

Kazi yenyewe ni vita na vumbi. Akriliki inauzwa ikiwa imefunikwa ngozi ya plastiki pande zote mbili; ukiivuta ile ngozi, bamba linapata umeme tuli na kila kinachoelea chumbani kinalikimbilia. Tulivaa makoti meupe, tukalowesha sakafu, tukapuliza hewa maalumu ya kuua ule umeme. Kisha gundi ya silikoni, inayonuka siki mpaka nguoni, inamwagwa na kusukumwa na rola kati ya picha na bamba, hewa ikikimbia mbele yake. Unywele mmoja ukiingia umeingia milele. Hakuna kufungua. Mara ya kwanza niliponasa unywele (ulikuwa wangu) mzee hakugomba. Aliitoa picha, akaipasua vipande kwa msumeno ili isije ikauzwa na mtu, akaenda kwenye kompyuta na kuagiza nyingine ichapwe. Wakati huo sikulitilia maanani lile tendo, jinsi lilivyokuwa jepesi kwake.

Kwa nini watu wajitese hivyo? Jibu fupi ni weusi. Mwanga ukipita kutoka hewani kwenda kwenye kioo, au kutoka kiooni kurudi hewani, kama asilimia 4 yake hurudi nyuma. Fremu ya kawaida, ikiwa imetengenezwa vizuri na kuacha nafasi, ina nyuso tatu za namna hiyo: mbele ya kioo, nyuma ya kioo, na uso wa picha yenyewe. Kila uso unarusha mwanga wake mweupe juu ya picha, na kivuli kinachopaswa kuwa cheusi kinakuwa kijivu. Jaza nafasi ile kwa gundi inayopinda mwanga karibu sawa na akriliki na gelatini, na nyuso mbili kati ya hizo tatu ni kama zimetoweka. Kivuli kinarudi kuwa kivuli. Majani yanakuwa mabichi. Umewahi kuokota kokoto ufuoni ikiwa na rangi ya kupendeza, ukafika nayo nyumbani imekauka na haina lolote? Akriliki ni kokoto iliyobaki imelowa.

Na mabaka yale ya sebuleni Pangani? Ni jambo hilohilo. Palipoganda ndipo mto ulipokuwa na rangi kali kuliko kwingine. Ugonjwa niliotaka kuuponya ndio watu hawa walioulipia.

Kubandika picha kwenye kioo kwa makusudi hakukuanza na plastiki. Huko Ulaya, kuanzia miaka ya 1880, palikuwa na mtindo ulioitwa crystoleum: picha ya karatasi inagandishwa kifudifudi ndani ya kioo kilichobinuka, karatasi inasuguliwa mpaka ibaki nyembamba sana, inapakwa mafuta iwe angavu, halafu rangi zinachorwa kwa nyuma. Wasichana wa familia zenye nafasi walifanya hivyo kama wa kwetu wanavyofuma vitambaa. Ulikufa, kama mitindo inavyokufa.

Akriliki ilitoka kwingine kabisa. Mkemia Otto Röhm, wa Darmstadt, aliisajili kwa jina la Plexiglas mwaka 1933. Waingereza wakawa na ya kwao, Perspex. Vita vilipokuja ikawa kioo cha marubani, kwa kuwa ni nyepesi na haipasuki ovyo. Ndege zilipopigwa, vipande vyake viliingia machoni mwa watu, na daktari wa London, Harold Ridley, akagundua kwamba jicho linavivumilia. Mwaka 1949 alipandikiza lenzi ya kwanza ya akriliki ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Sina njia ya kuliingiza hili vizuri kwenye habari ya picha, ila kila nikikumbuka kwamba kitu kinachofunika mandhari ukutani ndicho kilichowarudishia watu macho, nashindwa kuliacha.

Ndoa ya akriliki na picha ilifungwa na Mswisi, Heinz Sovilla-Brulhart, aliyepata hati miliki ya njia yake mwaka 1969 na kuiita Diasec. Kwa miaka mingi ilikuwa mali ya maonyesho ya biashara na matangazo. Kilichoipandisha hadhi ni kundi la wanafunzi wa mji uleule niliokuwa nabeba mabamba. Bernd Becher alianza kufundisha katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf mwaka 1976. Yeye na mkewe Hilla walipiga picha za matangi ya maji, maghala na mitambo ya migodi, ndogo, nyeusi na nyeupe, zilizopangwa safu kwa safu kama daftari la stoo. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Candida Höfer, Thomas Struth, Thomas Ruff na Andreas Gursky. Walichukua ule utulivu wa mwalimu, wakaongeza rangi, na wakaongeza ukubwa kupita kiasi. Kuanzia mwaka 1986 Ruff alionyesha nyuso za rafiki zake, kama picha za pasipoti, zikiwa na urefu wa zaidi ya mita mbili. Karatasi ya ukubwa huo haitulii, inafanya mawimbi. Kioo cha ukubwa huo ni mzigo wa watu wanne na kikianguka kinaua. Akriliki ina uzito chini ya nusu ya kioo, na gundi inainyoosha karatasi. Picha sasa ingeweza kusimama kwenye ukuta mmoja na mchoro wa mafuta bila kuona haya.

Mandhari yaliyoupeleka ufundi huu kwenye magazeti ni ya mto. Mwaka 1999 Gursky alitengeneza Rhein II: ukanda wa majani, njia, majani, mto, majani, mbingu ya kijivu. Imenyooka kama imechorwa kwa rula. Upana wake unapita mita 3.5, iko chini ya akriliki, na Novemba 2011 nakala yake moja iliuzwa kwa mnada New York, kwa Christie's, kwa dola milioni 4.3 na ushee. Hakuna picha ya kamera iliyokuwa imefikia bei hiyo kwenye mnada, na rekodi ilisimama zaidi ya miaka kumi.

Rhine ilikuwa dakika chache kutoka nilipokaa. Jumapili moja nikachukua baiskeli kwenda kuitazama. Palikuwa na mbwa, wenye mbwa, mashua za mizigo, watoto, mvulana mmoja anatapika. Hivyo vyote havimo kwenye Rhein II, na siyo kwa bahati: Gursky aliwafuta wapita njia kwa kompyuta, akalifuta na jengo la kiwanda lililokuwa ng'ambo. Nilisimama pale nikamkumbuka Babu juu ya kilima cha Bweni, anangoja pantoni itulie. Yeye alilazimika kusubiri watu waondoke.

Baada ya mnada ule kila mwenye kamera na mlima alitaka akriliki. Desemba 2014 kampuni ya Peter Lik, Mwaustralia anayeuza mandhari katika maduka yake ya Marekani, ilitangaza kwamba Phantom, picha yake ya mwanga ndani ya korongo la Antelope, Arizona, imenunuliwa kwa dola milioni 6.5 na mtu ambaye hakutajwa. Wengi waligoma kuamini. Mimi hesabu hizo hazinihusu. Ninachojua ni oda zilizokuja karakanani. Zilikuwa na maporomoko yaleyale, ziwa lilelile lenye mlima juu chini, na kwa wateja wenye hamu ya Afrika, mgunga mmoja na jua jekundu nyuma yake. Nimeugandisha ule mgunga mara nyingi kuliko nilivyowahi kuuona. Akriliki inamsaidia mpiga picha mvivu sana. Chochote ukikilowesha kinang'aa.

Jambo lenyewe nililijua siku mteja mmoja aliporudisha picha. Alikuwa ameinunua miaka ya 1990, bonde lenye ukungu, na sasa ukungu ulikuwa umegeuka rangi ya nyama. Alitaka irekebishwe. Mzee alimweleza kwa upole kwamba hairekebishiki. Nyingi za picha hizi, pamoja na Rhein II, ni za karatasi ya rangi inayosafishwa kwa kemikali, ambayo rangi zake ni dawa zilizofumwa ndani ya gelatini, na dawa hizo huchuja, nyingine kwa mwanga, nyingine hata gizani. Karatasi za siku hizi zinadumu zaidi ila ni za ukoo uleule. Picha ikiwa huru, mhifadhi anaweza walau kuigusa. Ikiwa chini ya akriliki, hakuna mkono unaoifikia. Akriliki yenyewe inakwaruzika haraka, na huwezi kuibadilisha kwa kuwa picha ni sehemu yake.

"Sasa makumbusho wanafanyaje?" nilimwuliza.

Wanachapa nyingine, alisema. Msanii akikubali, inachapwa upya kutoka kwenye negativu au faili, na ya zamani inaharibiwa mbele ya mashahidi ili zisiwe mbili.

Hapo ndipo nilipouona tena ule msumeno. Ufundi mzima umesimama juu ya dhana kwamba nyuma ya picha iko picha nyingine, imehifadhiwa mahali pakavu, inayoweza kuitwa wakati wowote. Ukutani panakaa mgeni. Mwenye nyumba yuko kwenye kabati. Ukiwa na hakika hiyo, kugandisha milele hakuogopeshi. Kwa Bibi kabati halikuwepo. Negativu za Babu zilikaa kwenye kopo la biskuti, na unyevu uleule ulizigandanisha zenyewe kwa zenyewe zikawa tofali moja la kahawia. Picha ya mto ilikuwa moja duniani, na kona yake nilikuwa nimeila mimi.

Mwaka 2016 nilipokwenda likizo niliomba ruhusa ya kusafiri nayo. Bibi aliifunga mwenyewe kwa kanga mbili. "Mume wangu," aliniambia, "safari hii usiwe na wembe." Miaka saba alikuwa amelitunza neno hilo.

Mzee wa karakana aliilaza mezani, hakuigusa muda mrefu. Akauliza nani alifanya ile kona. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kufanya kibaya zaidi, akasema kioo hiki kisitolewe kamwe, na wala picha isiskaniwe. Ipigwe picha palepale ilipo, kupitia kioo, taa mbili zikitoka ubavuni na vichujio vya kuua mng'ao. Tulitumia alasiri nzima. Palipokuwa pameganda palitoka safi. Palipokuwa pameachia palikuwa na vipete vya rangirangi, kama mafuta juu ya dimbwi, na hivyo vilitutesa.

Kisha rangi. Ile ya samawati ilikuwa imechuja zaidi ya nyingine, hivyo Pangani yote ilikuwa na wekundu wa machweo yasiyokuwepo. Kompyuta inaweza kuirudisha, ila lazima mtu aiambie irudi mpaka wapi. Nikampigia Bibi simu.

"Bibi, mto ulikuwa rangi gani?"

"Rangi ya mto."

"Naam, lakini rangi gani?"

"Mwezi gani alipiga?"

Sikujua. Alifikiri. Masika, alisema, mto unashuka na udongo, unakuwa kama chai ya maziwa. Kaskazi ikivuma, bahari inaingia ndani, unakuwa wa kijani. Aliniuliza pantoni imeelekea wapi na bendera iko vipi. Nilipomjibu akasema basi kaskazi, tia kijani, lakini usizidishe.

Mzee alitaka kuziba na ile kona. Ni kazi ya dakika kumi, unaazima minazi ya jirani unaipanda pale. Gursky alifanya makubwa kuliko hayo na amelipwa. Nilikaribia kukubali. Tatizo ni kwamba bahari imeula ufuo ule. Anayeshuka Pangani leo anakuta ukuta wa kuzuia maji, na minazi iliyokuwa mbele yake imeondoka na ardhi yake. Rhine ukiipiga vibaya unaweza kuirudia kesho na baiskeli. Mimi nikipanda minazi minne pale palipokuwa na mitatu, hakuna atakayenisahihisha, na baada ya muda hata mimi nitaamini. Tuliiacha nyeupe.

Iligandishwa Jumamosi moja ya Novemba, sentimita 60 kwa 60, na nilishika rola mwenyewe. Haikunasa hata unywele. Weusi chini ya minazi ulikuwa wa kina kiasi kwamba uliona shina hadi shina, kitu ambacho fremu ya sebuleni haikuwahi kunionyesha, na ule upaa mweupe wa kona ulikuwa mweupe kwelikweli.

Niliipeleka Pangani mwaka uliofuata. Tuliitundika kwenye msumari wa zamani, mkabala na dirisha. Majirani walikuja, wakasifu, wakauliza bei, wakasema haiwezekani. Siku ya tatu nilimkuta Bibi anaifuta kwa ncha ya kanga, mikono yake ikiwa na mchanga wa uani, na kwenye mbingu ya mwaka 1974 tayari kulikuwa na mikwaruzo kama nyuzi. Sikusema kitu. Nilikuwa na deni.

Siku ya nne aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anaikabili.

"Mume wangu, ihamishe hii. Dirisha lote limo ndani yake. Naona pazia, namwona mpita njia, najiona mimi. Mto siuoni."

Tukaihamishia kwenye ukumbi, kusiko na dirisha. Ile ya zamani, na mabaka yake, ikarudi kwenye msumari.